Nyota, Kisha Reli

Baada ya ibada ya pili, ukungu umekaa madirishani
kama mgeni asiyejua kuaga,
nabaki na wazee saba kwenye benchi la kwaya.
Mchungaji ametangaza: kuanzia mwezi huu
sadaka yaweza kupita kwenye simu.
Kisha kaenda zake Masoko kuzika,
kaniachia mimi, Gwamaka, mweka hazina msaidizi,
na namba ya malipo kwenye kipande cha karatasi.

“Anza na nyota,” nasema.
Mmoja anatazama dari.
“Mwishoni, bonyeza reli.”
“Reli?” anauliza Mzee Asumwisye. “Hata Tukuyu haikufika,
itafikaje kwenye kitochi changu?”
Benchi zima linacheka, nami nacheka,
somo linapotea hivyo, tukilisindikiza.

Bibi Tupokigwe hacheki.
Ameifungua simu kutoka pindo la kitenge,
fundo lilelile la sarafu za Jumapili,
kioo kimepasuka, kimefungwa plasta ya zahanati.
Anauliza yaliyo yake:
“Ikikosea njia, nani ataiita irudi?
Nikituma usiku, mtaihesabu ya siku gani?
Na haya makato, ni nani huyo
anayeonja kabla ya Bwana?”

Nimesoma uhasibu miaka mitatu, Mbeya mjini.
La kwanza nikajibu. La pili nikajibu.
La tatu nikatazama viatu vyangu.

Tukafika kwenye namba ya siri.
“Chagua tarakimu nne, Bibi, usizoweza kuzisahau.”
Hakufikiri.
“Sifuri nne sita tatu!”
kwa sauti iliyorusha njiwa wa kenchi.
Miaka ishirini na tisa alikuwa namba hiyo
kwenye shamba la chai, kapu mgongoni, umande magotini,
na karani wa mizani hakuuliza jina:
sifuri nne sita tatu, kilo kumi na nane, pita.
Siku aliyomzika mumewe
daftari liliandika: 0463, hayupo.

“Hiyo si siri, dada,” akasema Mama Syabumi,
ambaye alikuwa 0464.
“Humu ndani tunaijua wanne.”

Mvua ikaanza juu ya bati,
ile ya Rungwe, isiyo na haraka na mtu.
“Basi ngojeni,” akasema Bibi.
Akafikiri muda wa kuivisha ndizi,
midomo ikihesabu kitu, ikikiacha, ikihesabu kingine.
Kisha: “Gwamaka, geuka.”
Nikageuka. Mzee Asumwisye akageuka.
Benchi zima likaukabili ukuta
kama watu wanaompisha mama ajifunge nguo,
na nyuma yetu tukasikia: ti,
ti, ti,
halafu kimya kirefu,
ti.
Namba ambayo hakuna karani aliyewahi kuiita.

Simu ikatetemeka. Akanipa nimsomee:
umetuma shilingi elfu mbili kwenda Usharika wa Ndaga.
“Ndaga?” akadakia. “Imeshukuru?”
Ni jina la kijiji, Bibi, nilitaka kusema.
“Imeshukuru,” nikasema.

Mzee Asumwisye hajakubali hadi leo.
Kitochi chake, anasema, ni cha kumulikia zizi,
na hajaona ng'ombe aliyezaa kwa ujumbe.
Simlazimishi. Bahasha yake naipokea kwa mikono miwili.

Ila Jumapili ile iliyofuata
nilimwona Bibi kwenye foleni ya sadaka,
nikaingiwa na hofu: labda amesahau kwamba alishatoa,
labda ameona haya kubaki ameketi
wenziwe wakitembea kwenda kapuni.
Akafika. Akafungua gazeti lililokunjwa,
mayai mawili, yenye joto bado.
“Haya,” akaninong'oneza akipita,
“hayana makato.”